Jina, Kitendo na Kiwakilishi: Lugha ya Mahojiano katika Mafunzo ya Kliniki ya Sheria kuhusu Haki za Wachache wa Kijinsia, kwa Kurejelea Kambi ya Nduta

1.0 Utangulizi

Elimu ya sheria kwa vitendo, ambayo vyuo vingi huiita kliniki ya sheria, imekopa jina lake kutoka kwenye utabibu. Mwaka 1933 mwanasheria wa Marekani, Jerome Frank, alihoji kwa nini mwanafunzi wa sheria afunzwe kwa vitabu peke yake ilhali mwanafunzi wa udaktari hupelekwa hadi kitandani kwa mgonjwa. Katika Afrika Mashariki wazo hilo si geni. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961, kina historia ndefu ya kamati ya msaada wa kisheria ambamo walimu na wanafunzi waliwasikiliza wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Mradi wa Sheria za Wakimbizi mwaka 1999. Tanzania nayo iliunda kwa sheria, mwaka 2007, taasisi ya kuwafunza wahitimu wa sheria kazi ya uanasheria kwa vitendo.

Makala haya yanashughulikia tawi moja la mafunzo hayo, nalo ni utafiti na utetezi wa haki za watu ambao mwelekeo wao wa kimapenzi au utambulisho wao wa kijinsia ni tofauti na wa walio wengi. Kwa ufupi watu hao wataitwa hapa wachache wa kijinsia. Tawi hili kwa kawaida hujadiliwa na wanasheria, wanasosholojia na viongozi wa dini. Wanaisimu hawajalitilia maanani ipasavyo. Hata hivyo, kazi ya kwanza ya mwanafunzi katika kliniki ni kusikiliza maelezo na kuyaandika, na kazi hiyo ni ya lugha kabla haijawa ya sheria.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba katika kesi za aina hii jina analochagua mwandishi wa maelezo, na kiwakilishi anachochagua mkalimani, vinaweza kuligeuza ombi la hifadhi kuwa ungamo la kosa, au kumgeuza msema kweli kuwa mwongo. Kwa hiyo uchambuzi wa lugha unastahili kuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Kambi ya Nduta imechukuliwa kuwa kielelezo kwa sababu mazingira yake ya kisheria na ya kilugha yanalionyesha tatizo hili waziwazi.

2.0 Nduta: Mazingira ya Kisheria na ya Kilugha

Nduta iko katika Wilaya ya Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika nchi ya Waha. Kambi hiyo iliwahi kuwahifadhi Warundi waliokimbia vita vya miaka ya 1990, ikafungwa, kisha ikafunguliwa upya mwezi Oktoba 2015 baada ya machafuko yaliyoanza Burundi mwezi Aprili mwaka huo. Mwanzoni Warundi walipokewa kwa jumla. Ilitosha kuthibitika kwamba mtu ametoka Burundi wakati wa machafuko, naye akahesabiwa kuwa mkimbizi. Tarehe 20 Januari 2017 Serikali ya Tanzania iliusitisha utaratibu huo, na tangu hapo kila mwombaji alitakiwa kupimwa kwa maelezo yake mwenyewe. Mwezi Septemba mwaka huohuo urejeshaji wa wale waliojiandikisha kurudi kwao kwa hiari ulianza.

Kwa mtazamo wa isimu, mabadiliko ya Januari 2017 yalikuwa makubwa. Mtu anayepokewa kwa jumla hahitaji maneno mengi. Anayepimwa peke yake hana kingine cha kumtetea ila maneno, hasa ikiwa alikimbia bila hati. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998, ikifuata Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, inazitambua sababu tano za kuteswa ambazo humfanya mtu astahili hifadhi: asili ya rangi au kabila, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la jamii, na maoni ya kisiasa. Sheria hiyo inaongeza pia sababu zilizomo katika mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Wachache wa kijinsia huingizwa katika sababu ya nne, yaani kundi la jamii.

Hapa pana mgongano ambao mwanafunzi wa kliniki hana budi kuufahamu tangu mwanzo. Burundi iliyafanya mahusiano ya watu wa jinsi moja kuwa kosa la jinai kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kwa kifungu cha 567 cha kanuni yake ya adhabu ya mwaka huo, na adhabu yake ikawa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 pamoja na faini. Mtu aliyekimbia kwa sababu hiyo na kuvuka mpaka hadi Kibondo aliingia katika nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu yake, baada ya marekebisho ya mwaka 1998, kinaweka kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, kwa kosa la kujamiiana kinyume cha maumbile. Sheria ya wakimbizi inamtaka aseme yeye ni nani. Sheria ya jinai inamwadhibu kwa alichotenda. Kinachozitenganisha sheria hizi mbili katika maelezo yake ni uteuzi wa maneno.

Kuhusu lugha, Warundi walio wengi huzungumza Kirundi. Baadhi yao walijifunza Kiswahili mijini Burundi au katika ukimbizi wa awali nchini Tanzania. Wenyeji wa Kibondo huzungumza Kiha, lugha iliyo jirani sana na Kirundi, pamoja na Kiswahili. Waliosoma Burundi wana Kifaransa, na mashirika ya kimataifa hutunza kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Maelezo ya mtu mmoja yanaweza basi kutoka katika Kirundi, yakapita katika Kiswahili na kutua katika Kiingereza kabla hayajamfikia mtoa uamuzi. Kila kivuko kati ya hivyo kina ushuru wake.

3.0 Jina: Hali na Kitendo

Kiswahili kina majina kadhaa ya wachache wa kijinsia, na mengi kati yake ni hukumu kabla hayajawa maelezo. Neno shoga kwa wanawake wa pwani ni neno la kirafiki, ambalo mwanamke humwita mwenzake. Maana ya pili, inayomhusu mwanamume, ndiyo iliyoenea bara, na huko hutumika zaidi kama tusi. Mrundi aliyejifunza Kiswahili sokoni au kambini huenda ameisikia maana hii ya pili tu. Neno msagaji limeundwa kutokana na kitenzi saga, hivyo humtaja mwanamke kwa kitendo moja kwa moja wala halimpi jina la hali yake. Maneno hanithi na huntha yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. La kwanza limebaki kuwa la dharau. La pili, lililotumika tangu zamani katika fikihi, limehifadhi maana tulivu ya mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsi isiyobainika. Faida ya kuwa na jina tulivu ilionekana Kenya katika sensa ya mwaka 2019, ambapo watu wa kundi hilo walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Asiye na jina ambalo mtu anaweza kulitamka bila haya, hata kuhesabiwa hahesabiki.

Tatizo kubwa zaidi liko katika kiambishi u- cha majina ya dhahania. Kiambishi hicho huunda majina ya hali, kama vile utoto, uzee na ujane. Vilevile huunda majina ya mwenendo na matendo, kama vile uzinzi, uchawi na ujambazi. Yapo pia majina yanayobeba yote mawili, mfano ulevi, ambao ni hali ya aliyelewa na pia mazoea ya kunywa. Neno ushoga limo katika fungu hili la tatu, lakini katika mazungumzo ya kila siku limevutwa upande wa matendo, kwa kuwa kitenzi kinachoandamana nalo zaidi ni kufanya. Tazama sentensi zifuatazo, ambazo zimetungwa kwa ajili ya kufundishia:

(1) Mwombaji anasema kwamba tangu ujana wake amevutiwa na watu wa jinsi yake, na majirani walipomtambua walimtishia.

(2) Mwombaji anasema kwamba tangu ujana wake amekuwa akifanya ushoga, na majirani walipomgundua walimtishia.

Mwandishi asiye mwangalifu anaweza kuziona sentensi hizi kuwa ni kitu kimoja. Kisheria zimeachana kabisa. Sentensi ya (1) inataja hali ya mtu na madhara aliyotishiwa, mambo ambayo sheria ya wakimbizi inayauliza. Sentensi ya (2) inataja kitendo kinachorudiwa, bila mahali wala wakati, na inasomeka kama ungamo mbele ya kifungu cha 154. Huenda mwombaji mwenyewe hakutaja kitendo chochote. Aidha, kitenzi gundua katika sentensi ya (2) kinaashiria kufichuliwa kwa jambo ovu, wakati tambua katika sentensi ya (1) hakina hukumu hiyo.

Inafaa kuangalia pia kauli ya kitenzi. Katika umbo vutiwa, ambalo liko katika kauli ya kutendwa, mtu si mtenda bali ni anayefikwa na jambo. Kirejeshi anayevutiwa kinaeleza hali bila kudai kwamba kuna lililotendeka. Kwa sababu hiyo kishazi kirejeshi, ingawa ni kirefu kuliko nomino moja, ni salama zaidi katika maelezo ya aina hii. Wanafunzi wa sheria hufunzwa kupenda ufupi. Hapa urefu ndio uadilifu.

4.0 Kiwakilishi: Jinsi Inayofichika na Jinsi Inayojitokeza

Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu wala katika kiambishi cha mtenda. Kirundi nacho hakitofautishi. Kiingereza na Kifaransa hutofautisha. Tuchukue sentensi hii:

(3) Mpenzi wangu alikamatwa usiku, nami nikakimbia kabla hajanitaja.

Katika Kiswahili sentensi hiyo imekamilika, wala jinsi ya mpenzi haikutajwa. Mkalimani anayeipeleka katika Kiingereza hulazimika kuchagua kati ya kiwakilishi cha kiume na cha kike mara tu anapofika kwenye neno hajanitaja. Asipouliza, atachagua kwa mazoea, na mazoea yatampa mwombaji wa kiume mpenzi wa kike. Katika mahojiano ya pili, kwa mkalimani mwingine aliyeuliza, mpenzi yuleyule ataandikwa kuwa mwanamume. Jalada litaonyesha basi kwamba mwombaji amebadili maelezo katika jambo lililo kiini cha ombi lake, na mtoa uamuzi atakuwa na sababu ya kutomwamini. Kosa ni la kisarufi, lakini anayelilipia ni mwombaji. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililokwisha kuandikwa katika jalada ni gumu kuliko maji.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakina njia ya kuonyesha jinsi. Njia mojawapo ni kauli ya kitenzi. Kwa kawaida mume huoa na mke huolewa, hivyo sentensi zifuatazo zinamtambulisha msemaji:

(4) a. Wazee walitaka nioe kwa nguvu.
    b. Wazee walitaka niolewe kwa nguvu.

Shinikizo la kufunga ndoa hujitokeza mara kwa mara katika maombi ya hifadhi ya aina hii, hasa ya wanawake. Mwandishi anayefuta tofauti ya oa na olewa kwa kuandika tu kwamba mwombaji "alilazimishwa ndoa" anapoteza ushahidi ambao sarufi imemletea bila gharama.

Kirundi kina njia nyingine tena. Katika istilahi zake za ukoo, neno musaza humtaja ndugu wa kiume wa mwanamke, na neno mushiki humtaja ndugu wa kike wa mwanamume. Jinsi ya msemaji imo ndani ya neno. Ikitokea kwamba mtu aliyeandikishwa kuwa mwanamume anamwita ndugu yake wa kiume musaza, amejiweka upande wa wanawake kwa tamko moja. Mkalimani akilitafsiri neno hilo kuwa kaka, tafsiri ni sahihi kwa kamusi, lakini utambulisho wote wa msemaji umeyeyuka. Mkalimani mwingine anaweza kudhani kwamba mtu huyo amekosea Kirundi chake, akamsahihisha kimyakimya. Makosa ya aina hii hayaonekani kwa yeyote asiyejua Kirundi, wala hayawezi kugunduliwa kwa kulisoma jalada la Kiingereza.

5.0 Misamiati ya Sheria na Tafsiri Zake

Istilahi za sheria zenyewe zina historia. Maneno kinyume cha maumbile yanafasiri usemi wa kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambao utawala wa Waingereza uliusambaza katika makoloni yake, Afrika Mashariki ikiwamo. Usemi wa asili unazungumzia utaratibu wa ulimwengu. Tafsiri ya Kiswahili imeongeza kitu, kwa kuwa maumbile yanatokana na kitenzi umba, na penye kuumba msikilizaji humfikiria Muumba. Kwa hiyo kifungu kile kinaposomwa kwa Kiswahili kina sauti ya kidini kuliko kinaposomwa kwa Kiingereza. Nchini India kwenyewe, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua tarehe 6 Septemba 2018 kwamba kifungu cha 377 kisitumike tena dhidi ya watu wazima walioridhiana. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua kinyume chake tarehe 24 Mei 2019, na vifungu vya aina hiyo vikabaki.

Istilahi ya pili ni ile ya kundi la jamii. Baadhi ya tafsiri husema uanachama katika kundi fulani la kijamii. Neno uanachama humfanya msikilizaji afikirie kadi, ada na mikutano. Mwombaji akiulizwa kama ni mwanachama wa kundi lolote, atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli, naye atakuwa ameikana sababu ya pekee inayoweza kumpa hifadhi. Katika kambi ya Warundi hatari inazidi, kwa sababu suala la uanachama wa vyama lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakimbiza watu wengi mwaka 2015. Istilahi kuwa mmoja wa kundi fulani la jamii inafaa zaidi. Hata hiyo haifai kuulizwa moja kwa moja. Kazi ya kuliunganisha tukio na istilahi ni ya mwanasheria, si ya mteja.

Maamuzi ya nchi nyingine yanasaidia kueleza maana inayokusudiwa. Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1993, katika kesi ya Ward, ilieleza kwamba kundi la jamii linaweza kutambulika kwa sifa ya kuzaliwa nayo au isiyoweza kubadilishwa, na ikataja kwa mfano jinsia, asili ya lugha na mwelekeo wa kimapenzi. Ni jambo la kuzingatiwa na wanaisimu kwamba lugha ya mtu na mapenzi yake viliwekwa katika fungu moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la waombaji wawili kutoka Iran na Cameroon, ilikataa hoja kwamba mwombaji anaweza kurudishwa kwao ilimradi ajifiche. Msomaji wa Kiswahili ataona hapa tofauti ya stara na kujificha. Stara ni adabu ambayo mtu anajichagulia. Kujificha kwa kuogopa kipigo au jela ni sehemu ya mateso yenyewe.

Suala la istilahi limepata uzito mpya nchini Tanzania tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani mwanafunzi aliweza kusitiri ugumu wa jambo nyuma ya neno la Kiingereza. Sasa neno la Kiswahili linatakiwa, na likikosekana lililo sahihi, la mtaani litashika nafasi yake.

6.0 Mafunzo na Hatari Zake: Mifano ya Eneo

Mfano wa karibu wa kitengo cha chuo kikuu kilichounganisha sheria ya wakimbizi na haki za wachache wa kijinsia ni Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Makerere. Mradi huo ulihudumia wakimbizi kwa msaada wa kisheria na utafiti, na uliipa nafasi sekretarieti ya muungano wa asasi zilizopinga muswada wa Uganda dhidi ya mahusiano ya jinsi moja. Mwezi Machi 2014, wiki chache baada ya sheria hiyo kutiwa saini tarehe 24 Februari, Serikali ya Uganda iliusimamishia mradi shughuli zake katika makambi na makazi ya wakimbizi kwa madai kwamba unaeneza ushoga. Waliopata hasara kwanza walikuwa wakimbizi wa kila aina, wengi wao wakiwa hawana uhusiano wowote na suala hilo. Sheria yenyewe ilipingwa mahakamani na watu kumi, mwombaji wa kwanza akiwa J. Oloka-Onyango, profesa wa sheria wa Makerere. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliibatilisha kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Sheria mpya ilitiwa saini mwezi Mei 2023, na tarehe 3 Aprili 2024 mahakama hiyohiyo iliiacha isimame, isipokuwa vifungu vichache, kimojawapo kikiwa kile kilichowalazimisha watu kutoa taarifa kwa polisi.

Nchini Tanzania, tarehe 17 Oktoba 2017, polisi wa Dar es Salaam waliwakamata watu 13 katika kikao cha ushauri wa kisheria kuhusu kufungwa kwa vituo vya huduma za UKIMWI, na wanasheria waliotoka Afrika Kusini walirudishwa kwao. Madai yalikuwa yaleyale ya kueneza. Kenya ilichukua njia tofauti katika jambo moja. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kunyimwa usajili kwa asasi ya kutetea haki za wachache wa kijinsia ni ubaguzi unaokiuka uhuru wa kujumuika, ingawa vifungu vya jinai vilibaki palepale.

Katika mifano hii mgogoro ni wa vitenzi viwili, kueneza na kutetea. Tetea ni kauli ya kutendea ya kitenzi teta, yaani kubishana au kusema kwa ukali. Kumtetea mtu ni kubishana kwa niaba yake. Wakili anayemtetea mshitakiwa wa wizi haenezi wizi, na hakuna anayemdhania hivyo. Tofauti hiyo, iliyo wazi kabisa katika kesi nyingine, hufutika katika kesi hizi kwa sababu jina ushoga, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.0, limekwisha kuchukuliwa kuwa kitendo, na kitendo kinaweza kuenezwa. Mwanafunzi anayeandika (2) badala ya (1) anawaongezea nguvu wale wanaomshitaki yeye mwenyewe.

7.0 Mapendekezo kuhusu Mafunzo

Kutokana na uchambuzi huu, mafunzo ya kliniki yanayolenga mazingira kama ya Nduta yanaweza kuingiza mazoezi matano.

Kwanza, zoezi la majina. Wanafunzi wapewe maelezo yaleyale yaliyoandikwa kwa majina tofauti, waonyeshe ni wapi hali imegeuzwa kitendo, kisha wayaandike upya kwa kutumia maneno ya mteja mwenyewe au kishazi kirejeshi.

Pili, zoezi la kiwakilishi. Sentensi zisizotaja jinsi zipelekwe katika Kiingereza au Kifaransa na kurudishwa, ili mwanafunzi ashuhudie jinsi inavyozuka pasipotajwa. Kanuni iwe kwamba mkalimani haruhusiwi kukisia. Akifika njia panda, amjulishe mhoji, naye mhoji aulize kwa upole.

Tatu, zoezi la mkalimani. Katika kambi mtu anayejua Kirundi anaweza kuwa jirani wa mwombaji, mwumini wa kanisa lake au mtu wa kilima chake cha Burundi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini aliyewaambia hivyo watu hakuwa amekaa mbele ya mkalimani anayelala nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwanafunzi ajifunze kumwuliza mwombaji, kabla ya neno lolote, kama anaridhika na mkalimani aliyepo, na kumweleza kwa lugha nyepesi nini kitaandikwa na nani atakisoma.

Nne, zoezi la maswali. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi wa tarehe 23 Oktoba 2012 unaelekeza kwamba mhoji asiulize habari za faragha za chumbani, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataza maswali na majaribio ya namna hiyo tarehe 2 Desemba 2014. Wakili wa Uingereza S. Chelvan alipendekeza mahojiano yafuate mambo manne: tofauti, unyanyapaa, aibu na madhara. Maneno hayo yanakaa vema katika Kiswahili, na lisilopungua umuhimu ni kwamba yote manne ni majina ya hali au ya mambo yaliyompata mtu. Hakuna hata moja linaloomba ungamo.

Tano, zoezi la kusomeana. Maelezo yasomwe kwa mwombaji katika lugha aliyosema, si katika lugha iliyoandikwa, naye apewe nafasi ya kusahihisha. Pale inapowezekana, neno lake la asili liandikwe kando ya tafsiri, kama vile musaza katika mfano uliotangulia, ili msomaji wa baadaye aweze kuhakikisha.

Mazoezi haya hayamtaki mwanafunzi abadili imani yake ya dini wala maoni yake kuhusu maadili. Yanamtaka aandike alichoambiwa, bila kuzidisha na bila kupunguza. Sharti hilo linamhusu pia mwanafunzi anayeonea huruma kupita kiasi, ambaye humwekea mteja mdomoni istilahi za vitabu ambazo hakuzitamka. Mwombaji wa Kirundi anayezungumza katika jalada kama mwanaharakati wa New York hataaminika, hata kama kila alilosema ni kweli.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mafunzo ya kliniki ya sheria kuhusu haki za wachache wa kijinsia yana msingi wa kilugha. Imeelezwa kwamba majina ya kiambishi u- huchanganya hali na kitendo, kwamba ukosefu wa jinsi katika viwakilishi vya Kiswahili na Kirundi hugeuka mtego katika ukalimani, na kwamba istilahi zilizotafsiriwa bila uangalifu humfanya mtu aikane haki yake kwa kusema kweli. Makambi hufunguliwa na kufungwa, kama historia ya Nduta inavyothibitisha, lakini majalada hubaki, na mtu huhukumiwa kwa yaliyomo humo miaka mingi baada ya hema lake kung'olewa.

Idara za Kiswahili na vitivo vya sheria katika vyuo vya eneo hili kwa kawaida hukaa kilima kimoja na havifundishi pamoja. Somo la pamoja la lugha ya mahojiano, lenye wataalamu wa Kirundi na Kiha miongoni mwa walimu wake, lingewafaa waombaji hifadhi wote, si wachache wa kijinsia peke yao. Mwanamke aliyebakwa, mtoto aliyeingizwa jeshini na mzee aliyenyang'anywa shamba nao hutegemea kiwakilishi na kitenzi kilichochaguliwa na mtu mwingine. Kwa wachache wa kijinsia tofauti ni kwamba kosa la neno moja laweza kumfikisha mtu gerezani kwa miaka 30, na anayekosea huenda ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kwamba sarufi ni sehemu ya sheria.